Kitufe cha Kushoto

Siku yangu ya kwanza kama fundi kwenye radio, hapa Goma, Shefu wa ufundi aliniweka mbele ya mashini ya kompyuta. "Déo, hii programe ya kukata na kuunga sauti ni ya bure," akasema. "Wameiandika watu wa kujitolea, na kila mutu anaweza kuifungua aone namna ilivyoshonwa. Inatembea kwa mashini ya aina yoyote." Alisema kweli. Ila kwetu ilitembea kama mugeni: herufi zake na madirisha yake tofauti na ya programe zetu zingine. Nilidhani ni mambo ya urembo tu.

Kisha vita ya waasi ikasukuma watu wa Rutshuru mpaka kambi ya Kibati. Mama Joséphine, mutangazaji wetu, akarekodi huko mama muzee mumoja akitaja wajukuu aliopoteza njiani. Akarudi mbio, akakata sauti, akafunga programe. Sauti ikapotea.

"Huyu mwanamuke ni muzembe," akasema Mukubwa wa radio. "Namufukuza."

Aah, nilikasirika! Niliketi mahali pake, nikafanya alivyofanya. Ukifunga, programe inauliza: nitunze, ao nitupe? Kwa programe zote tulizojifunzia, kutunza kuko kushoto. Hii iliweka kutupa kushoto, maana ndiyo desturi ya mashini za wale walioiandika.

Nikamuonyesha Mukubwa. "Programe ni moja kwa watu wote," akanijibu.

"Ndiyo shida yenyewe, Mukubwa. Unipe muda niitengeneze, na Mama Joséphine abakie."

"Abakie. Lakini sauti ingine ikipotea, mutaenda wote wawili."

Nikafungua maandishi ya programe, yale maagizo ambayo mashini inasoma. Nikaifundisha ijue kwanza iko kwa mashini gani, kisha ifuate desturi za pale: vitufe vikae mahali mikono ilizoea, herufi, hata dirisha la kuchagua mahali pa kutunza, iazime la mashini badala ya kuleta lake. Nikatuma kazi kwa wenye programe. Walinirudishia mara nyingi juu ya makosa madogo, mwisho wakaikubali. Shefu wa ufundi alikuwa akinicheka: "Déo, unapaka rangi nyumba ya wengine!"

Miaka ikapita. Volkano ya Nyiragongo ikatapika moto, ardhi ikawa inatetemeka, na asubuhi moja tukaambiwa tutoke mujini. Mama Joséphine alikuwa anakata sauti ya mama mumoja wa Kibati anayetafuta binti yake waliyepotezana wakati wa kukimbia moto. Ukuta ukapasuka. Akafunga programe, akabeba mashini, tukashika njia ya Sake. Kufika kule nikaifungua, na kusema kweli niliogopa. Sauti ilikuwepo.

"Mama, ulifinya kitufe gani?"

"Sijui, papa. Sikuangalia hata."

Sasa niko pensheni. Vijana wananiuliza: "Muzee, wewe uliunda programe gani?" Sikuunda hata moja. Ila siku ile tulipofika Sake, radio ya pale ilipitisha ile sauti, na binti mumoja akasimama katikati ya wakimbizi, akapiga kelele: "Ni mama yangu yule!"