Daraja Lililopakwa Rangi

Mtaani walimwita Fundi Pole, kwa kuwa hata nyundo aliipiga taratibu, na kuongea kwake kulikuwa kwa kuvutwa. Alikuwa seremala. Mkewe alisumbuliwa na pumu, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya korongo. Pa kuvukia palikuwa na magogo mawili yaliyooza. Mvua ikinyesha, Fundi Pole alimbeba mkewe mgongoni, naye mke alimtania huko huko juu: "Usinitupe, mume wangu. Mahari yenyewe hujamaliza."

Kamati ya mtaa iliomba fedha za serikali ili lijengwe daraja la zege. Walizungushwa weee, mpaka siku moja wakaambiwa maofisa wanakuja kukagua. Mwenyekiti, mama mmoja muuza mkaa, hakukaa chini tena. Wageni wakute uchafu, alisema, tutaonekana watu gani? Watu wakafagia, wakafyeka majani. Fundi Pole akaombwa afunike magogo, wageni wasije wakadondoka. Akatoa mbao za kabati la mteja, akazipigilia, akaweka na kishikio. Mtu akaleta rangi nyeupe iliyobaki kwake, zikapakwa.

Mkewe alipoona, alicheka mpaka kifua kikambana. Akamuuliza mbao hizo alikuwa amezificha wapi siku zote. Fundi Pole alijibu kwamba zile ni mbao laini za ndani ya nyumba, hazistahimili maji.

Kesho yake wageni wakafika. Ofisa mmoja alivuka, akarudi, akapigapiga kiatu juu ya mbao.

"Mbona daraja mnalo? Tena zuri."

Mwenyekiti akashukuru kama aliyesifiwa mtoto. Fundi Pole maneno yakamjaa mdomoni: chini kumeoza, hizi nimeziweka jana. Lakini watu walikuwa wengi na viatu vya ofisa vinang'aa. Akabaki kuangalia vidole vyake vya miguu. Mkewe akamgusa kiwiko.

"Sema, mume wangu."

Akakohoa tu. Wageni wakapanda gari lao.

Jibu lilipokuja, fedha zilikuwa zimepelekwa kwingine, kwenye shida zaidi.

Mvua kubwa ya kwanza iliondoka na magogo, mbao, kishikio na rangi yake. Asubuhi yake mkewe alibanwa na pumu. Fundi Pole akambeba hadi ukingoni, akakuta maji matupu yanakwenda kasi. Akageuka kufuata njia ya kuzungukia barabara kuu. Njia nzima alimsemesha, yeye asiyesema, akamwahidi hata ile mahari. Mke hakutania. Kabla hawajaiona barabara, mikono yake ikalegea shingoni mwa mumewe.

Baada ya mazishi mwenyekiti alikuja kumpa pole. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akafunga na kufungua kanga yake. Mwishowe akasema kamati itaomba tena, na maofisa wakikubali kuja, basi mtaa utajiandaa vizuri zaidi.

Fundi Pole akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Waje, mama," akasema. "Ila safari hii msifagie."