Upara Nyuma ya Nyumba Zetu

Kila Jumamosi asubuhi, jirani yetu hapa mtaani Jericho, mwalimu wa jiografia, hupiga magoti nyuma ya nyumba zetu, mahali ambapo nyasi zimekataa kuota. Ni duara la udongo mtupu, upana wake kama karai. Hulipima kwa utepe wa fundi nguo, hunusa udongo, kisha huguna "mmh" kama daktari asiyetaka kumtisha mgonjwa. Ole wako ukimsalimu! Utapelekwa hadi jangwa la Namibia, kwenye maelfu ya maduara kama hilo, mengine mapana kuliko nyumba.

"Kuna wataalamu wanaosema ni mchwa wanaokula mizizi," hunong'ona, kana kwamba mchwa wanasikia. "Wengine wanasema nyasi zenyewe hunyang'anyana maji. Mpaka leo wanabishana!"

Mwezi jana kamati ya mtaa ilitaka kulimwagia duara letu saruji. Mwalimu alisimama kikaoni, akaomba wangoje angalau mvua inyeshe, aone kama nyasi zitaota. Ndipo Mama Zubair wa nyumba ya nne alipoinua mkono, uso chini.

"Mwalimu, nisamehe. Hapo ndipo mimi humwaga maji ya kufulia, yakiwa bado moto."

Tulicheka hadi mwenyekiti akafuta machozi. Mwalimu hakucheka, wala hakukasirika. Alifungua daftari ukurasa mpya, akalamba kidole, macho yakimng'aa.

"Ya moto kiasi gani, Mama Zubair?"

Habari ya saruji ikaishia hapo. Kikao kizima kilianza kubishana kama ni moto au ni sabuni inayoua nyasi.