Siku Meli Ilikwama Chini ya Footbridge Ruiru

Usijifanye hukuiona.

Ulikuwa hapo Ruiru, kando ya barabara kuu, siku meli ilikwama chini ya footbridge, lile daraja la watu kuvukia kwa miguu. Meli. Ya kijivu, mstari wa rangi ubavuni, mlingoti unakwaruza simiti mpaka cheche zinatoka.

Kutoka hapo hadi baharini ni usiku mzima kwa basi. Hukushangaa. Ulitoa simu, ukapiga selfie, ukaenda zako.

Mimi nakumbuka, maana ile rangi niliipaka mimi. Naitwa Ronny. Napaka matatu Makongeni, Thika, kwa gereji ya mzee Ephantus.

Sasa tulia usome, leo huendi popote.

Hii maneno ilianza na mafuriko ya mwaka juzi. Mto ulipanda kule mtaa wa Mwiki ukaingia kwa manyumba. Mheshimiwa Kahiga akafika na gumbuti mpya, bado zina stika, akasimama mahali pakavu kabisa.

"Watu wangu, nitawaletea chombo cha uokoaji!"

Makofi.

Hakuna aliyemuuliza kuhusu ukuta wa godown yake, lile ghala la simiti, ule aliojenga katikati ya njia ya mto akiwa bado muuza simiti. Kabla ya huo ukuta, maji yalikuwa yanapita yakienda zake. Mimi nakumbuka. Nyinyi mlikuwa na kazi ya kupiga makofi.

Mwaka uliofuata akaingia gereji na picha aliyoprintiwa kwa cyber. Meli ya doria ya walinzi wa pwani. Zile zinakaa baharini wiki na wiki zikifukuza magendo na wavuvi haramu, zikiokoa mabaharia. Mbele bunduki. Nyuma uwanja wa helikopta. Na mwisho kabisa mteremko wa kushushia boti ndogo majini.

"Fundi, nataka hii. Ndogo kiasi."

Ephantus akaigeuza picha huku na huku. Huyu mzee ametengeneza bodi za matatu tangu nikiwa mtoto.

"Sawa, mheshimiwa. Itakuwa route gani?"

Sikudanganyi. Aliuliza hivyo.

"Mwiki."

"Basi niletee chasi."

Hapo ndipo mambo yalichukua kona. Fundi wa bodi hatengenezi chini ya gari. Chini inakuja na mwenye gari. Yeye kazi yake ni kuta, madirisha na kung'ara.

Kwa hivyo mheshimiwa akaleta lori lake kuukuu, na mafundi wakalivalisha meli. Mabati yakashuka karibu kugusa lami, yakaficha magurudumu yote. Ule mteremko wa boti, Ephantus aliuona kama mlango wa nyuma wa lori, akautia komeo. Mahali pa uwanja wa helikopta akaweka keria ya mizigo.

"Watu wa Mwiki wako na mizigo," akasema.

"Lakini mzee, hii itaelea aje?"

"Wee Ronny, paka rangi. Mtu aliitisha chombo. Kuelea hakutaja."

Siku ya uzinduzi ndiyo ile ulipiga selfie. Walikata mlingoti, msafara ukaendelea hadi uwanjani, na wewe ukatokea huko. Pasta akaombea meli. Mheshimiwa akavaa kofia ya nahodha, akakata utepe.

Nikapiga kelele kutoka nyuma: "Inameni muangalie chini! Iko na magurudumu!"

Mama mmoja akageuka, ananipima kutoka viatu hadi kichwa. "Kijana, wivu itakuua. Kwani baba yako alituletea meli gani?"

Watu wakavunjika mbavu. Na wewe ulicheka, nilikuona.

Basi meli ikaenda kutia nanga kwa petroli stesheni ya mheshimiwa, hapo Ruiru. Ikaoshwa kila Jumamosi. Maji pekee iliyokuwa imeona ni ya kuosha.

Halafu mvua ikarudi.

Ilikuwa Jumapili, natoka kanisani Ruiru, simu inalia. Dada yangu Naliaka. Anaishi Mwiki, chumba cha chini, karibu na mto, peke yake na binti yake Lynn ambaye hata kutembea hajaanza.

"Ronny, maji imefika kwa meko! Mlango umekataa kufunguka! Lynn nimemweka juu ya kabati!"

"Dirisha je?"

"Iko na grili! Ronny, aki kuja!"

Nilimpigia Oluoch, dereva aliyelitoa hilo dude Thika, na ufunguo bado alikuwa nao. Tukakutana stesheni. Soja wa hapo, Wanyoike, akasimama mbele ya meli na rungu.

"Hii haitoki bila ruhusa ya mheshimiwa."

"Wanyoike, si ni ya kuokoa watu?"

"Ni ya kuokoa watu. Lakini sio Jumapili."

Oluoch alikuwa ashawasha injini. Wanyoike akachagua maisha, akaruka kando.

Mwiki, barabara ilikuwa imepotea. Oluoch alifuata nguzo za stima, pole pole, maji yakipanda kwenye mabati mpaka kwa mstari wangu wa rangi. Juu ya mapaa watu wakaanza kupiga nduru.

"Meli! Ngai, meli imekuja!"

Mimi nilikuwa naomba tu isikanyage shimo.

Kufika kwa Naliaka, Oluoch akapiga reverse. Mara ya kwanza akagonga ukuta. Mara ya pili akagonga mlango, ukaingia ndani wote. Nikafungua komeo, ule mteremko ukaanguka mlangoni, na dada yangu akatokea, maji kifuani, mikono juu.

"Shika mtoto! Shika mtoto kwanza!"

Nikamshika Lynn. Alikuwa analia, na sijawahi kusikia kelele tamu kama hiyo.

Naliaka akapanda, akaangalia kuta za bati. "Ronny, hii ni nini?"

"Ni lori."

"Asante Yesu. Nilidhani ni ile meli."

Tukabeba majirani pia, wengine juu ya keria ya helikopta. Tulipogusa mahali pakavu injini ikakohoa, ikafa. Haijawaka tena mpaka leo.

Sasa shika hii.

Kuna mtu alirekodi video kutoka balcony. Kwenye video hakuna magurudumu, yako chini ya maji. Kuna meli ya doria inapasua mawimbi Mwiki, watu wanalia kwa furaha. Kufikia Jumatatu Kenya nzima ilikuwa imeiona.

Jumatano kukawa na bango kando ya barabara. Dada yangu, amelowa, amemkumbatia Lynn. Chini: ASANTE MHESHIMIWA KAHIGA, BAHARIA WETU. Naliaka hakuulizwa. Oluoch hayuko hata kwa kona.

Nikaposti picha ya lori likivutwa na gari la breakdown, magurudumu yote nje. Comment ya kwanza: "Hiyo ni edit." Ilikuwa yako?

Na sasa mheshimiwa amesema, kwa vile ya kwanza imefanya kazi vizuri, mnahitaji ya pili. Kubwa zaidi. Ephantus ashaitisha chasi.

Naliaka amerudi kwa chumba kilekile, kwa sababu hana kwingine. Mlango mpya, mto uleule, ukuta uleule. Mvua ikirudi, hakuna lori. Liko stesheni, limekufa, limepakwa rangi upya na mtu mwingine, maana mimi nilikataa.

Funzo unalitaka? Tulidanganywa na kitu ambacho mtu angekijua kwa kupiga magoti tu. Uwanja mzima, na hakuna aliyetaka kuchafua suruali.

Alhamisi hii asubuhi, uwanja wa chifu, Mwiki, wanakuja kuuliza wananchi kama tunataka meli ya pili. Wataivuta hiyo ya kwanza waiweke mbele, na viti vya plastiki, na soda.

Njoo. Soda yao iache. Uliza swali moja tu: ukuta unabomolewa lini?

Na kabla hujakaa, nenda mbele ya watu wote, mbele ya mheshimiwa na kofia yake, ushike bati la hiyo meli.

Inama. Angalia chini. Halafu sema kwa sauti ulichoona.