Bataka ya Evodia

Mista Orrin, Mmarekani, alikuwa ameandika vitabu kumi na kimoja vya kuwahimiza watu wavunje minyororo na kushika njia, na mwaka 1998 alishindwa hata kutoka ghorofa ya juu waliyopanga na mkewe katika nyumba ya Bi Mahfudha, huko Qurum, Oman. Hakuwa na leseni. Asiye na gari Qurum hufika getini, jua likamrudisha. Aliyekuwa na kazi ni mkewe, mhandisi wa mafuta. Mume aliingia Oman kama mtegemezi wake.

Evodia aliyajua hayo kwa kuwa ndiye aliyempandishia chai kila asubuhi. Alitoka Bukoba miaka minne nyuma, akawa mpishi wa Bi Mahfudha, Mwomani mzaliwa wa Unguja, afisa wa wizara. Pasipoti ya Evodia ilikaa kabatini kwa bibi huyo, pamoja na vyeti vya watoto. Bi Mahfudha alisema huko ndiko salama, na alimaanisha. Tiketi ilikwishakatwa: Violeth, binti pekee wa Evodia, alikuwa aolewe tarehe kumi na tisa Desemba.

"Nenda ukamuoze mwanao," alimwambia. "Mie nnajua uchungu wa mtoto. Ila urudi."

Mmarekani yule alipenda kusimulia ujana wake. Mwaka 1967 serikali yao ilipomwita jeshini, alisimama mbele ya umati akaichoma kadi ya wito. Kitabu alichoandika baadaye kilisomwa na vijana waliofuga nywele na kukimbia makazi ya baba zao. Evodia alimsikiliza huku akifuta vumbi, akajiuliza hao vijana walipokimbia nani aliwapikia.

Siku sita kabla ya safari ya Evodia, Mista Orrin akamwomba amwonyeshe bataka yake, kadi ya ukaazi iliyoandikwa jina la kafili, yaani mwajiri. Evodia alidhani anataka kunakili jina lake kitabuni, akaitoa mfukoni kwenye karatasi yake ya nailoni. Mzee akaitazama pande zote mbili. Kisha akawasha kiberiti cha gesi.

Ilinuka kama sufuria yenye mpini ulioungua. Alikuwa akitabasamu, machozi yakimlengalenga, akasema kwa Kiingereza chepesi kwamba sasa hana bwana. Evodia aliinyakua, ikamchoma vidole. Ilibaki kona moja ya picha, yenye nusu ya sikio lake.

"Mista," alisema, "hiyo ndiyo ninayoonyesha uwanja wa ndege." Na alipoona mzee haelewi: "Choma na ya kwako, basi. Wewe pia umo humu kwa jina la mtu."

Mista Orrin akatazama mfuko wa shati lake, ilimokuwa kadi yenye jina la mkewe. Hakuitoa.

Bi Mahfudha hakufoka. Alivaa buibui, akaenda ofisi hadi ofisi siku nne mfululizo. Kote aliambiwa lile lile: iandikwe ripoti, zije picha mpya, wangoje. Kadi mpya ilitoka tarehe mbili Januari. Violeth aliolewa akiwa ameshikwa mkono na shangazi. Picha za harusi zilipofika, Evodia alizitazama mara moja, akatia saini mkataba mwingine, maana aliyekuwa akimuwahi amekwishaondoka nyumbani.

Mwaka 2003 kikaja kitabu kwa posta. Mista Orrin na mkewe walikuwa wamerudi kwao zamani. Bashayer, binti wa Bi Mahfudha, alikaa juu ya meza ya jikoni akimtafsiria. Mlikuwamo mpishi kutoka Afrika. Alichoma kadi yake mwenyewe mbele ya mwajiri wake, akafungua geti, akaenda zake kuelekea baharini.

"Halafu?"

"Basi, Dada Evodia. Sura imekwisha."

Evodia akaendelea kumenya vitunguu. "Mpaka baharini kwa miguu? Saa ngapi?"

"Mchana."

"Huyo keshakufa," alisema Evodia, na Bashayer akacheka. Kisha Evodia akanawa mikono, akaifuta vizuri kwa kanga, akaomba aangaliziwe kama kuna mahali ameandikwa Violeth.

Bashayer akarudi ukurasa wa kwanza, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka chungu kikaanza kuungua na hakuna aliyekiinua.