Wageni wa Kununua

Ukiandika leo kwenye kisanduku cha kutafutia kwamba uzi wa cherehani yako unafanya vifundo upande wa chini wa kitambaa, utaletewa majibu mengi, na hakuna hata moja litakalokuwa la yule fundi. Zamani jibu lake ndilo lililokuwa la kwanza. Sasa ukiifuata anwani ya tovuti yake unakuta ukurasa mweupe na sentensi moja isemayo kwamba hapa hapana kitu. Hata chumba chake cha kazi, kile kilichotazama barabara, kimegeuzwa duka la makava ya simu, na muziki unaopigwa pale tangu asubuhi umewasahaulisha watu kwamba palikuwa mahali pa kutega sikio.

Maana fundi yule alitengeneza cherehani kwa sikio kwanza, mikono baadaye. Mteja akifika aliambiwa akanyage, na fundi akafumba macho. "Ngoja. Hapo. Rudia." Kisha angesema jino la gia limelika, au mtu katia mafuta ya kupikia badala ya mafuta ya cherehani.

"Si mimi, fundi, haki ya nani!"

"Basi imejikaangia yenyewe."

Watu walimwita Bobini, kama kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani, kwa kuwa alikuwa mfupi, mnene wa katikati, na hakutulia mahali pamoja.

Baba yao alipofariki, Bobini alikuwa bado mdogo, akalelewa na kaka yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kaka hakumnyima kitu. Alimlisha, akamvisha, akamlipia shule. Ila alikuwa na ugonjwa wa kutaja. Kila sahani aliyompa ilikuja na kumbukumbu ya sahani ya jana. Watu wakifika nyumbani angempapasa mdogo wake kichwani na kusema, "Huyu nimemtoa mbali," na Bobini, ambaye wakati huo tayari ameota ndevu, angetazama miguu yake. Siku aliyohama alimwambia mchumba wake, "Tutakula chumvi kwa maji, lakini itakuwa chumvi yetu." Ukitaka kumwelewa, shika hilo tu. Mengine yote aliyoyafanya maishani aliyafanya ili asirudi kula kwa kaka.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mwanzo alilaumu baridi, halafu akalaumu chai kali. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, na kwamba dawa zingeupunguza mwendo wa ugonjwa lakini zisingeurudisha nyuma. Fundi aliyeweza kuingiza skrubu ndogo kama punje ya mtama huku akipiga soga, sasa aliidondosha, akapiga magoti kuitafuta, akaipata, akaidondosha tena. Wateja walijifanya hawaoni. Halafu wakaacha kuja.

Kaka alifika, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mdogo wangu, chumba cha uani ki wazi. Mchana utakaa mlangoni pa duka langu, uniangalizie watu wanapotoka. Kazi yenyewe ni ya kukaa tu."

"Nashukuru, kaka. Acha kwanza nione."

"Uone nini, na mkono wenyewe umeshaanza kupunga kwaheri?"

Alicheka, na hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana iliuma.

Aliyemwokoa ni binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akichapa kazi za watu kwenye duka la kompyuta. "Baba, mikono imechoka, kichwa hakijachoka. Andika." Akamfungulia tovuti. Bobini akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, akifuta herufi zilizojirudia kwa sababu ya mtetemeko. Aliandika kwa nini uzi hukatika. Aliandika namna ya kujua sindano imepinda bila kuitoa. Ukurasa mmoja mzima ulihusu sauti, kwamba cherehani yenye afya husema hivi, na yenye njaa ya mafuta husema vile. Kampuni moja ya mbali ikaweka matangazo pembeni mwa maandishi yake. Watu waliposoma, na baadhi yao walipobonyeza tangazo lililowavutia, kampuni ilimlipa mwisho wa mwezi. Hakutajirika. Ilitosha pango na dawa, na mkewe, mshonaji wa sare za shule, aliziba palipobaki.

Wasomaji walikuja wenyewe. Hakuna aliyewaita. Mtu fulani mahali fulani ana nguo ya bibi harusi kesho, cherehani imegoma, anauliza mtandao, nao unamleta kwa Bobini. "Huyu hakuja kutembea," alimwambia binti yake. "Kaja na shida. Mwenye shida husoma mpaka mwisho." Chini ya kila ukurasa waliacha maswali, naye aliyajibu yote, hata ya kipuuzi. Kuna mwanamke aliyeuliza kama cherehani inaweza kurogwa. Alimjibu kwamba inaweza, na dawa yake ni kufagia vumbi chini ya sahani ya sindano.

Bintiye alikuwa amemwekea kwenye simu mchoro wa mstari ulioonyesha wasomaji wa kila siku. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, aliutazama. Ulikuwa ukipanda polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi.

Siku moja ukainama. Wale wanaoendesha mtandao wa kutafutia walikuwa wamebadilisha mpango wao wa kuamua nani atangulie na nani afuate, na makampuni makubwa yaliyojaza kurasa kwa kila swali la duniani yakapandishwa juu yake. Hakuna aliyemwarifu. Mto nao ukihama haumwarifu mtu, kisima chako tu ndicho kinachokauka. Mwezi ule malipo yalikuja nusu. Uliofuata, robo. Mkewe akapokea sare za shule nyingine, akashona mpaka mgongo ukakataa. Kaka akapiga simu, akauliza hali, kisha akasema, "Chumba nimekipaka rangi."

Ndipo shemeji alipoingia. Huyu ni mdogo wa mkewe, muuza simu, mtu wa haraka katika kila jambo hata kula, na kwa hiyo wote walimwita Fasta.

"Shemeji, unakaa ndani unasubiri wateja kama kinyozi wa jangwani! Wageni siku hizi wananunuliwa."

"Wananunuliwaje?"

"Unalipa, unaletewa. Wewe si unajua mwenyewe, mgeni njoo mwenyeji apone?"

"Yule wa kwenye methali anakuja kwa miguu yake, shemeji. Huyu wa kubebwa atataka nini kwangu?"

"Atake asitake, kaingia. Mlango hauulizi."

Mkewe alikuwa akikata kitambaa. "Umsikilize," alisema bila kuinua kichwa. "Siku hizi hata mimi nautazama huo mstari wako." Bobini akaitazama mikono ya mkewe, akakubali.

Kwanza walinunua kwa njia ya halali. Walilipia tangazo kwenye mtandao wa kijamii, lenye picha ya cherehani na maneno ya kuvutia. Watu wakaja, wakachungulia, wakaondoka kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Wengi walikuwa wamegusa kwa bahati mbaya wakipitisha vidole. Mwisho wa hesabu, kila mgeni aligharimu zaidi ya alichokiacha. "Ni kama kumkodia mtu teksi aje kununua kiberiti dukani kwako," binti alisema.

Fasta hakuvunjika moyo. Akampata muuzaji mwingine, asiye na jina wala sura, aliyeuza wageni kwa maelfu na kwa bei ya karanga. Kesho yake mstari ulisimama wima kama ukuta. Fasta akapiga makofi. Mke wa Bobini akaacha mkasi, akaja kutazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Bobini peke yake hakufurahi. Alikaa na simu tangu asubuhi akisubiri swali. Maelfu wale walipita kwenye kurasa zake, na hakuna aliyeuliza kitu, hakuna aliyetukana, hakuna aliyesema asante. Alizoea kuijua cherehani kwa sauti, na umati ule haukuwa na sauti. Jioni akamwambia bintiye, "Wazuie."

"Baba, mjomba kashalipa."

"Hawa si watu, mama. Watu wana kelele."

Binti, aliyejua kwamba zile ni programu za kompyuta zinazojifanya wasomaji, akawazuia. Mstari ukaanguka ukalala chini kabisa, chini kuliko ulipokuwa kabla ya kununua wageni, maana mtandao wa kutafutia ulikuwa umeshaishuku tovuti. Bobini hakula siku ile, na mkewe, kwa uchungu, akampigia simu shangazi.

Huyo shangazi ni dada wa marehemu baba yao, mama wa ukoo mzima. Harusi haikufungwa wala maiti haikuzikwa bila yeye kusimamia michango, na hakuna aliyewahi kumkwepa akasalimika. Alimsikiliza mke wa Bobini mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na hayo matangazo, mtu akiyabonyeza, mwanangu analipwa?"

"Analipwa, shangazi."

"Basi kwa nini mnalia na sisi tupo?"

Kwenye kundi la ukoo la simu akatuma ujumbe wa sauti. Alisema ndugu yao amepatwa, na safari hii mchango hauhitaji mtu kutoa mfukoni. Kila mmoja aingie kwenye tovuti asubuhi na jioni, abonyeze kila tangazo atakaloliona, kisha aseme amebonyeza. "Asiyebonyeza nitamjua." Bobini hakuwa kwenye kundi lile, kwa kuwa kaka ndiye aliyelifungua. Bintiye naye alikuwa amelinyamazisha kwa sababu ya picha za maua na salamu zake zisizokwisha.

Wakabonyeza. Mabinamu, wakwe, watoto waliotoka shuleni, mjukuu aliyeko ng'ambo. "Tayari, shangazi." "Tayari mara tano." Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kubonyeza kwa niaba ya mkewe aliyelazwa, akaruhusiwa. Kaka mwenyewe alibonyeza, akiwa kaunta, kati ya mteja wa misumari na mteja wa saruji. Na hakuna aliyelitazama tangazo lenyewe. Waliyabonyeza ya mikopo, ya viatu, ya tiketi za ndege, kwa moyo uleule ambao wangebebea jeneza.

Kwa siku chache malipo yalipanda. Bobini, akiona wasomaji si wengi mno, wanafika asubuhi na jioni kama watu halisi, aliamini kwamba wale wake wa zamani wamerudi. Alinyolewa. Alimnunulia mkewe khanga. Alianza kuandika ukurasa mpya kuhusu mikanda ya cherehani, na akamwambia binti, "Nilijua. Mwenye shida hakosi njia."

Barua ya kampuni ya matangazo ilikuja mchana, kwenye simu ya binti, akaisoma kazini amesimama. Akaunti ya baba yake imefungwa moja kwa moja, kwa sababu ya mabonyezo yasiyo halali. Pesa za mwezi ule zinarudishwa kwa wenye matangazo. Hakuna akaunti nyingine itakayofunguliwa kwa jina lake.

Alirudi nyumbani akamsomea. Kabla hawajajua waseme nini, simu ya Bobini ikaita. Alikuwa shangazi, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu! Umeiona kazi yetu?"

"Kazi gani, shangazi?"

"Ukoo wote tunakubonyezea! Leo hata yule mlevi wa upande wa mama yako kabonyeza. Nilitaka isiwe siri tena, ujue kwamba huko peke yako."

Binti alinyoosha mkono aichukue simu. Bobini akamzuia. 

"Nimeiona, shangazi. Asante sana. Waambie imetosha, wapumzike."

"Imetosha kweli?"

"Imetosha."

Fasta aliapa kwamba kosa ni la shangazi. Mke wa Bobini alisema kosa ni la Fasta na maelfu yake, kisha akasema ni lake mwenyewe, akalia. Huenda ni yote. Bobini hakutaka kujua. Binti aliandika rufaa, akaeleza kwamba baba yake hakumtuma mtu, kwamba ni ndugu tu, walimpenda bila kuuliza. Jibu lilirudi upesi, na lilikuwa maneno yaleyale ya barua ya kwanza.

Tovuti iliendelea kwa muda bila matangazo. Maswali machache yalikuja, aliyajibu. Mtu mmoja alimshukuru kwa kumwokolea kazi yake, na Bobini alimwonyesha mkewe ujumbe ule, wakausoma wote wawili wakiwa wamekaa kwenye kitanda, katikati ya mizigo iliyokwisha kufungwa. Pango lilikuwa limewashinda. Ada ya kuiweka tovuti hewani ilipofika, binti alitaka kuilipa kutoka mshahara wake, baba akakataa.

Kaka alileta gari la mizigo mwenyewe, akabeba godoro begani licha ya umri wake, na njiani hakutaja kitu. Walipofika ndipo aliposema mbele ya majirani waliosimama kutazama, "Huyu nimemtoa mbali."

Chumba cha uani kina kitanda kimoja chembamba, kwa hiyo mkewe anaishi kwa binti na huja siku za Jumapili. Bobini hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa duka la vifaa vya ujenzi, na watu wanapotoka anatazama risiti zao.