Betri Ilipokufa

Leo mjini Kitale nilipita kwa fundi wa betri, nikanusa ile harufu kali ya asidi, nikasimama.

Kwetu Bungoma televisheni ilitumia betri ya gari. Betri ilipokufa, Baba alikataa kuleta nyingine. Alitungua litungu, kinubi cha babu, akawa analipiga jioni huku sisi tukipukuchua mahindi. Nilitamani sana kulijaribu, ingawa kwetu nyuzi zile ziliguswa na wanaume tu. Siku moja nikamwomba anifundishe.

“Ati msichana na litungu?” kaka yangu akacheka. “Si utatuaibisha, bana.”

Baba aliniwekea litungu mapajani, akavuta ungo wangu, akaendelea kupukuchua mahindi yangu.