Kidole Gumba cha Shangazi

Kwa miaka kumi na tisa shangazi yangu alifyatua vizuizi vya zege, vile virefu vinavyogawa barabara kuu ili wanaokwenda wasikutane uso kwa uso na wanaorudi. Hufyatuliwa kichwa chini miguu juu: zege linamiminwa kwenye kalibu ya chuma, na kitako ndicho kinachobaki wazi. Wenzake walimaliza kumi kwa siku. Yeye sita. Alizunguka kila kalibu akiigonga kwa nyundo na kutega sikio, na akihisi mwanya ndani, anarudisha mashine ya kutetemesha zege mpaka mapovu yaishe. Akiridhika, anadidimiza kidole gumba kwenye kitako kibichi.

Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. "Shangazi, kitako kinalala kwenye lami. Nani ataiona alama yako?"

"Mimi si nimeiona?" alisema, akaendelea kugonga.

Msimamizi hakucheka. Alimpa mpaka Ijumaa: afikishe kumi au asirudi. Hata mimi, na mdomo wangu huu, nilimsihi aache mbwembwe, maana kazi hiyo ndiyo iliyonilea.

Jumatano asubuhi nilikuwa naendesha gari la mikate kwenye barabara kuu. Upande wa pili lori la kokoto likapasuka tairi, likanigeukia. Niliona mpaka chale kwenye shavu la dereva. Kisha kishindo. Kizuizi kikasogea hatua moja, kikagoma. Lori zima, na shehena yake, likasimama pale kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Dereva alishuka, mzima. Nami mzima.

Njia ilifungwa, nikasubiri. Kreni ilipokiinua kizuizi kukirudisha mahali pake, kitako kikafunuka hewani. Katikati yake palikuwa na kishimo cha kidole gumba.

Nilipiga magoti mbele za watu, nikalia bila haya. Mchanga, kokoto na maji tu, na bado napumua! Nikampigia Shangazi, nikamsimulia yote.

"Uko mzima?" aliuliza.

"Mzima, Shangazi."

"Na kizuizi chenyewe, kimepasuka?"

"Hakina hata ufa."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Leo umefikisha vingapi?" nikamuuliza.

"Viwili. Na Ijumaa ndiyo hiyo."

"Gonga taratibu, Shangazi. Ijumaa tutakwenda kwa msimamizi wote wawili."